Siku ya Mvua Ndiyo Siku Yetu ya Sokoni

Dada mmoja wa Masasi ameniandikia juzi: "Mwenzangu, Januari unaivukaje na watoto wanne bila kukopa?" Ameuliza kwa uchungu, nami najua uchungu huo ulivyo. Basi leo nasema yote, maana wengi wetu tunaosoma hapa shida yetu ni moja: watoto waingie darasani wamekamilika na nyumbani unga usiishe.

Sisi tunakaa Mikindani. Manunuzi ya shule tunayafanyia Mtwara mjini, familia nzima, na siku tunayoichagua ni ya mvua. Watu wanashangaa. Lakini hebu nenda Soko Kuu siku ya jua, shule zikikaribia kufunguliwa. Hapapitiki. Muuzaji anakutazama usoni, anakuona umeshika mtoto mkono huna pa kwenda, bei haitingishiki. Mvua ikishika, mteja unakuwa wewe. Ukisema "nipunguzie, nachukua jozi nne," anapunguza, kwa sababu naye anawaza kufunga arudi kwake.

Mwaka huu mvua ilianza alfajiri. Baba watoto akasema tusubiri ikatike. Nikamwambia hapana, ndiyo hii hii. Kwa mvua ile bajaji ingetulowesha wote, tukatafuta teksi, na aliyesimama ni mzee wa makamo ya baba yangu.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba mwanangu. Mnaenda wapi na jeshi lote hili?"

Nikamweleza. Tukapatana kabla hatujafunga milango: kutupeleka, kutusubiri, kuturudisha, bei moja. Mvua ikinyesha madereva wanapandisha, hilo halikwepeki, ila ukipatana safari nzima kwa pamoja unalipa pungufu kuliko kukodi mara mbili. Na yeye ana uhakika wa hela ya kurudi.

Wengi wakishaingia kwenye gari wanainamia simu. Mimi nilimuuliza kazi hii ameianza lini. Hapo mzee akafunguka. Zamani alikuwa utingo wa malori ya Dar, enzi ambazo Rufiji unavuka kwa kivuko cha Ndundu. Daraja la Mkapa halikuwepo, limekuja kufunguliwa mwaka 2003. "Masika tulikuwa tunalala pale," akasema, "foleni ya malori, mbu, na uji tunapika kando ya tairi. Mzigo wa sabuni unatoka Dar umenyooka, unafika Mtwara umekuwa donge." Watoto wangu, ambao kwa kawaida wanagombania dirisha, walinyamaza kimya. Mkubwa akauliza, "Babu, mlikuwa hamuogopi simba?" Mzee akamjibu kwa utaratibu, kama anavyojibiwa mtu mzima. Tukapita ghuba yote ya Mikindani hatuna habari.

Kisha akasema neno lililonifaa kuliko yote niliyoyasikia mwaka huu. "Daraja lipo, mwanangu, lakini mvua bado inajua pa kutukata." Akanikumbusha Kimbunga Hidaya, Mei 2024, barabara ilipokatika kule Kilwa, upande wa Somanga, mabasi na malori yakakwama. "Kinachotoka Dar kinunue mvua zikiwa changa. Kinachotoka hapa hakikukimbii."

Kwetu mvua ni msimu mmoja, inaanza Novemba au Desemba na kuendelea mpaka Aprili, wakati mwingine Mei. Nikapiga hesabu mle mle garini. Samaki, mihogo na ming'oko havisubiri lori la kuvuka Rufiji. Madaftari, viatu, kitambaa cha sare, sabuni, ndivyo vinavyosafiri kilomita zaidi ya 500. Nikamgeukia baba watoto, tukakubaliana: hela ya leo yote iende kwenye vitu vya Dar, tena madaftari ya mwaka mzima kwa katoni, mboga tutajua kesho. Mzee akatupeleka mpaka kwenye duka la jumla la uchochoroni ambako wenye vioski wananunua. Peke yangu nisingelijua.

Nyumbani tulirudi na kila kitu. Nalisema kwa fahari, maana yupo ndugu wa upande wa mume aliyewahi kunitamkia mbele ya watu, kwenye shughuli, kwamba hela ya korosho ikiingia mikononi mwangu haimalizi mwezi. Nilinyamaza siku ile. Sijasahau. Mwaka huu watoto wangu wameingia shule na soksi mpya, na deni sina dukani kwa mtu.

Kwa hiyo dada yangu, hela ya msimu ikiingia Oktoba au Novemba, tenga ya shule kabla hujaigusa kwa kitu kingine. Elimu bila ada tuliyonayo tangu 2016 haikununulii kiatu. Nenda na ndoo yenye mfuniko: mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019, na hii mifuko mbadala ikilowa unga na madaftari unavikuta mapajani. Watoto nenda nao wajaribu viatu miguuni, na wasikie bei kwa masikio yao. Mtoto aliyeona mama akibishania shilingi mia tano hachani daftari kutengeneza ndege.

Na dereva msalimie. Msalimie kabla ya kutaja bei, jamani! Tunapanda magari ya watu kama tunapanda viti. Mtu anazunguka mji tangu asubuhi, anajua duka gani limeshusha mzigo jana na lipi limepandisha, halafu wewe umekaa nyuma yake unatafuta ushauri kwenye simu. Muulize alikotoka, muulize wanawe wanasoma wapi. Wazee hawa wamebeba habari za kusini yote, na hawakudai nyongeza kwa kukusimulia.

Ukipata wa kuaminika, chukua namba yake. Sisi wa kwetu tumeshapatana naye likizo ya Juni, atatupeleka kununua masweta. Ukiwa unashuka Mtwara kutoka Masasi, niandikie siku mbili kabla, nitamwomba akusubiri stendi.