Katazo la mbolea msimu wa mvua: je, isiyo na fosforasi inaruhusiwa?
Ndugu, umeuliza kama katazo la halmashauri yako la kuweka mbolea kwenye nyasi za bustani msimu wa mvua linagusa pia mbolea isiyo na fosforasi. Hilo hutegemea maneno ya sheria ndogo yenyewe: baadhi hubana fosforasi peke yake, ilhali nyingine, kama ile ya kaunti ya Pinellas huko Florida, hukataza naitrojeni na fosforasi zote mbili kuanzia Juni 1 hadi Septemba 30. Tazama namba tatu zilizochapishwa kwenye mfuko. Ya kwanza ni naitrojeni, ya kati fosforasi, ya mwisho potasiamu, kwa hiyo mfuko wa 15-0-15 hauvunji katazo la fosforasi lakini unavunja lile la naitrojeni. Mvua kubwa husomba virutubisho hivyo hadi ziwani, mwani ukastawi kupita kiasi, kisha unapokufa na kuoza ukamaliza oksijeni wanayoitegemea samaki. Chembe zilizoangukia kwenye saruji (watu wengi huzisahau) zifagie uzirudishe kwenye nyasi, wala usizioshe kwa maji, kwani mara nyingi mtaro wa mvua humwaga mtoni bila kusafishwa. Binafsi ningepima udongo kwanza, maana huenda fosforasi iliyomo inatosha.