Tuanzie kwenye kamba ya dalali

Swali la wiki hii: Kampala na miji inayoizunguka inazidi kufurika watu, ili isituelemee, tuanzie wapi? Najua wengi mtataja treni na barabara za juu. Mimi nataja kamba ya dalali anayepima viwanja huko Wakiso, wilaya inayoizunguka Kampala.

Sensa ya 2024 ilikuta watu wapatao milioni 1.8 Kampala na zaidi ya milioni 3.4 Wakiso. Jiji limeshahamia Nansana, Kira na Kyengera, kwenye migomba iliyokatwa vipande vya futi 50 kwa 100. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ni mailo, aina ya umiliki wa ardhi tuliyorithi kutoka Mkataba wa Buganda wa 1900, kati ya Waingereza na ufalme wa Buganda: hati ina mwenyewe, kibanja, yaani haki ya mkaaji kukaa juu ya ardhi hiyo, kina mwenyewe, na halmashauri ikitaka kupitisha barabara lazima ibembeleze wote wawili. Basi shamba linauzwa, dalali anaacha kichochoro cha bodaboda, kazi imekwisha.

Panda mtaa wa namna hiyo uone. Lori la taka haliingii. Gari la kunyonya choo nalo haliingii, kwa hiyo choo kikijaa wapo wanaongoja mvua kubwa wakifungulie. Teksi, yaani basi dogo la abiria, inaishia lami. Ukitaka kufika nyumbani, toa pesa ya boda. Kila mtu anajenga ukuta na kuyasukumia maji ya bati lake kwa jirani wa chini, hadi yafike kwenye kinamasi cha Lubigi, ambako mafunjo yaliyokuwa yakiyapokea yanafukiwa kifusi ili watu wajenge.

Wala sitamani Kololo nyingine, ule mtaa wa matajiri wa Kampala, wa nyua pana na watu wachache. Kubanana si kosa. Duka, shule na kliniki vikiwa karibu, safari zinapungua. Kinachokosekana ni njia na mfereji, na nafasi yake huachwa kabla ya tofali la kwanza au haiachwi kabisa.

Sheria ya mipango ya ardhi ya Uganda ya mwaka 2010 ilishatangaza nchi nzima kuwa eneo la mipango miji. Itumike hapo hapo kwenye ofisi ya ardhi: shamba lisigawanywe hati ndogo ndogo mpaka ramani ionyeshe njia ya kupita lori na mfereji unaofika bondeni. Wauzaji watalalamika kwamba wamepoteza viwanja viwili vitatu. Wapoteze tu. Kiwanja chenye barabara kina bei, na madalali wanalijua hilo kuliko sisi. Sikiliza wanavyotangaza, neno la kwanza ni umbali kutoka lami.