Msichapishe bado: ngano mliyoiokota mtandaoni huenda ina mwenyewe

Ndugu mleta mada, msipeleke chochote kwa mpiga chapa mwezi huu. Umeuliza kikundi chenu cha waandishi tisa kigawane vipi hadithi za jadi, mwandike kwa Kiswahili au kwa lugha za mama, na msanifu wa jalada apatikane wapi. Kisha katikati ya maelezo ukapitisha sentensi moja kana kwamba ni jambo dogo, kwamba visa vingi mmevitoa mtandaoni "kwa kuwa ngano hazina mwenyewe". Mengine yote yanaweza kungoja. Sentensi hiyo ndiyo iliyokizika kikundi chetu, na nilipoisoma leo mwili ulinisisimka.

Sisi tulikuwa kumi na mmoja. Tuliandika upya hadithi kumi na nne, zikiwamo za Kintu na Nambi wa Buganda, Fumo Liyongo wa pwani, na Gĩkũyũ na Mũmbi. Mimi nilipewa Lwanda Magere wa Wajaluo. Kiini chake unakijua: shujaa ambaye mwili wake ni jiwe, mikuki inamgonga na kuanguka, mpaka maadui zake Wanandi wanamwoza binti yao. Siku moja shujaa anaugua, anamwomba binti yule amchanje chale na kumpaka dawa, na kwa kuwa kisu hakiingii mwilini, anamwambia akichanje kivuli chake. Kivuli kinatoka damu. Binti anatoroka kurudi kwao na siri hiyo, na katika vita vilivyofuata kivuli kikachomwa mkuki. Shujaa akaanguka, akageuka jiwe, jiwe ambalo huonyeshwa hadi leo katika uwanda wa Kano.

Kisa hicho nilikisoma mtandaoni bila jina la mwandishi, na ndani yake mlikuwa na jambo lililonivutia mno. Binti alikuja na kamba kiunoni, na kila usiku uliopita bila kuipata siri aliipiga fundo moja. Usiku wa kivuli akayafungua mafundo yote kabla ya kutoroka. Niliichukua kamba ile nzimanzima. Niliifanya uti wa mgongo wa hadithi yangu, nikaiita hadithi yenyewe kwa jina la kamba, na niliamini kwa dhati kwamba imetoka kwa wazee.

Kamba ile ilibuniwa na mwandishi aliye hai. Ilikuwa katika hadithi aliyoichapisha miaka michache kabla yetu. Mtu mmoja akaipakia mtandaoni bila jina lake, nami nikaiokota. Miezi miwili baada ya kitabu chetu kutoka, ilikuja barua, na pamoja nayo karatasi iliyogawanywa safu mbili, kushoto maneno yake, kulia maneno yangu. Mstari wa nne ndio ulionimaliza. Yeye aliandika kwamba fundo la mwisho lilikaza kama koo la mtu anayezuia kilio. Mimi nilikuwa nimeandika kwamba lilikaza kama koo la mtu azuiaye kilio. Nilidhani huko ndiko kusimulia upya.

Tulichapisha nakala 300 na tulikuwa tumeuza 41. Zilizobaki ziliharibiwa, fidia ikalipwa kutoka katika michango ya watu kumi na mmoja, ambao kumi kati yao hawakuwa na kosa lolote. Fedha hazikuniuma kama jambo lingine. Mwenzetu mmoja alikuwa amekaa na bibi yake jioni kadhaa, akairekodi ngano ambayo hatukuwahi kuiona imeandikwa popote, pamoja na wimbo wake, na jina la bibi likachapishwa chini ya kichwa cha hadithi. Bibi yule alikuwa ameshawaonyesha majirani ukurasa wake. Ilimbidi mjukuu arudi kumweleza kwa nini kitabu kimeondolewa, na sababu haikuwa hadithi ya bibi. Ilikuwa yangu.

Sasa niseme juu ya aliyetupotosha. Tulikuwa na mhariri mshauri, tukimlipa, na nilimuuliza waziwazi mbele ya wenzangu wote kama tunaweza kutumia visa vya mtandaoni. Alijibu bila kufikiri: "Ngano ni mali ya umma, chukueni popote." Barua ilipokuja, simu yake ikawa haipokelewi. Sungura wa ngano zetu, kwa ujanja wake wote, huiba mahindi shambani, lakini hajawahi kudai kwamba mahindi yale hayakulimwa na mtu.

Ubaya wa kauli ile ni kwamba ina nusu ya ukweli, na ndiyo maana watu makini huimeza. Kisa cha Lwanda Magere hakina mtunzi mmoja anayejulikana. Lakini maneno ya mtu aliyekisimulia upya, na mambo aliyoyaongeza kwa ubunifu wake, ni kazi yake. Mkataba wa kimataifa wa hakimiliki wa Berne, wa mwaka 1886, unailinda tafsiri au kazi iliyotokana na nyingine kama kazi inayojitegemea, na muda wa kawaida wa ulinzi chini ya mkataba huo haupungui maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Tena hata kile kiini si jalala la kila mpita njia. Mwaka 2010 nchi kadhaa za Afrika zilipitisha Itifaki ya Swakopmund kuhusu maarifa ya jadi na sanaa za jadi, Kenya ikatunga sheria yake ya kuyalinda mambo hayo mwaka 2016, na humo jamii zenyewe ndizo zinazotambuliwa kuwa wenye mali. Kwa hiyo ngano mliyoishika inaweza kuwa na wenyewe wawili, na mhariri wetu hakumwona hata mmoja.

Kanuni ninayoing'ang'ania tangu siku hiyo ni moja: hakuna ngano inayoingia katika kikundi bila fanani wake, yaani msimuliaji wake. Kabla mtu hajaandika sentensi ya kwanza, aseme aliisikia kwa nani, wapi na lini, na kama huyo mtu ameridhia iandikwe; au ataje mkusanyo wa zamani ambao mwaka wake na mkusanyaji wake vinajulikana. Kisha atafute chanzo cha pili kisichotokana na cha kwanza. Jambo linaloonekana katika chanzo kimoja tu, lihesabuni kuwa ni la mtu mpaka mthibitishe vinginevyo.

Chukua Fumo Liyongo, shujaa aliyefungwa gerezani. Mkate wa wishwa, yaani pumba za nafaka, uliofichwa ndani yake tupa ya kukatia minyororo, ambao walinzi waliudharau wakamwachia mfungwa, umo katika ngano ambazo Edward Steere alizichapisha London mwaka 1870, na umo pia katika utenzi wa Muhammad Kijumwa wa mwaka 1913. Ncha ya shaba iliyochomwa kitovuni iko kote kuwili vilevile. Hapo unaandika moyo ukiwa umetulia, kwa maneno yako. Na ukirudi kwenye vyanzo hivyo utaona kwamba Liyongo alimfikishia mama yake habari ya tupa kwa njia ya wimbo. Ukiufuta wimbo ili nathari itiririke, umeifuta njia aliyotokea gerezani.

Baadaye nilifanya nilichopaswa kukifanya mwanzoni, nikaenda kumsikiliza mzee anayekisimulia kisa cha Lwanda Magere. Nilimuuliza kuhusu kamba. Alinitazama kwa mshangao, akasema, "Kamba ya nini? Mwanamke yule hakuhesabu siku. Alipika, akangoja." Maneno yake hayo yanaifanya hadithi itishe kuliko mafundo yote niliyoyaiba, na yalikuwa yakinisubiri muda wote.

Kuhusu lugha, rekodini kwanza kwa lugha ya msimuliaji, hasa nyimbo, ndipo mtafsiri.

Lakini rudi kwenye dondoo uliyoibandika, ile ya Nambi. Umeandika kwamba alipokuwa akishuka duniani na Kintu alirudi mbinguni kuchukua kioo alichopewa na mama yake, na Walumbe, yaani kifo, akamfuata. Kila nilipokisikia na kukisoma kisa hicho, Nambi alirudi kuchukua ulezi wa kuku wake. Kioo hicho mmekitoa wapi?