Kisasi cha Shylock kilitoka wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa fasihi mkoani Morogoro. Wanafunzi wangu wamesoma Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare katika tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969, na wamebishana sana kuhusu Shylock, mkopeshaji Myahudi. Baadhi wanasema Shylock amechorwa katili kwa kuwa Shakespeare aliwachukia Wayahudi; wengine wanasema alichokozwa. Nani ana haki? Na je, Waingereza wa zama zile waliwafahamu Wayahudi?

JIBU: Ndugu Mwalimu, nianze na swali la pili. Mfalme Edward wa Kwanza aliwafukuza Wayahudi nchini Uingereza mwaka 1290, na hawakuruhusiwa kuishi huko tena waziwazi hadi miaka ya 1650. Watazamaji wa London walikuwa na masimulizi tu, tena mabaya. Roderigo Lopez, tabibu wa Malkia Elizabeth, Mreno wa asili ya Kiyahudi aliyekuwa Mkristo, alinyongwa mwaka 1594 kwa tuhuma za kutaka kumpa Malkia sumu; alipotamka mbele ya kitanzi kwamba anampenda Malkia kama anavyompenda Yesu Kristo, umati uliangua kicheko. Mwaka huohuo Myahudi wa Malta, tamthilia ya Christopher Marlowe, ilirudishwa jukwaani mara nyingi, na Shakespeare akaandika yake miaka michache baadaye.

Sasa ubishi wenu. Kundi la kwanza halikukosea kabisa, maana chuki imo ndani ya tamthilia yenyewe: wahusika wengi humwita Shylock “Myahudi” tu, kana kwamba hana jina. Hata hivyo, kundi la pili limeusoma mfululizo wa matukio kwa makini zaidi. Shylock anapomkumbusha Antonio, mfanyabiashara Mkristo, kwamba alimtemea mate na kumwita mbwa, Antonio hakani wala haombi radhi, bali anajibu kwamba huenda akafanya hivyo tena, na papo hapo anaendelea kumwomba mkopo wa dukati (sarafu za dhahabu) 3,000 kwa miezi 3. Sharti kwamba Antonio asipolipa atakatwa ratili moja ya nyama ya mwili wake linaandikwa hapo, na Shylock analiita mzaha. Mzaha huo unageuka dhamira baada ya binti yake, Jessica, kutoroka na Lorenzo, kijana Mkristo, akiwa amebeba fedha na vito vya babaye, huku marafiki wa Antonio wakimcheka mzee huyo barabarani. Ndipo anapouliza kama Myahudi hana macho. Hotuba hiyo hunukuliwa mno kama utetezi wa usawa wa binadamu, na wanaoinukuu huishia katikati, ilhali mwisho wake ni tishio: atautenda ule uovu ambao Wakristo wamemfundisha, na atawapita walimu wake.

Antonio anashindwa kulipa, na Shylock anadai nyama yake. Mahakamani Portia, mwanamke aliyejifanya mwanasheria, anasihi huruma, kisha hukumu inamgeukia Shylock, kwa kuwa mkataba unampa nyama bila tone la damu. Antonio anataka Shylock abatizwe, naye Mtawala wa Venisi anatishia kuufuta msamaha wake iwapo atakataa. Watazamaji wa wakati ule huenda waliona hapo roho imeokolewa. Mimi naona kisasi kizito kuliko cha nyama, kwa kuwa nyama haikukatwa, lakini hiki kilitimizwa.

Ukiweza, wasimulie wanafunzi kisa cha Barabas, mhusika mkuu wa Myahudi wa Malta ya Marlowe. Huyo ni mwovu kupindukia, hata anawalisha watawa uji wenye sumu ili amuue binti yake, Abigail, aliyejiunga nao. Lakini Marlowe haipi dini yoyote heshima ya bure: makasisi wanagombania mali ya Barabas, naye Ferneze, gavana Mkristo wa Malta, ndiye aliyeanza kwa kumnyang’anya mali yote kwa kisingizio cha kuwalipa Waturuki kodi. Kodi hiyo haikulipwa, wala mali haikurudishwa. Barabas anapotumbukia katika sufuria la maji ya moto aliloliandaa kwa ajili ya wengine, ni Ferneze anayefunga mchezo, akiwataka watu waisifu mbingu.