Blogu ndogo, swali dogo: nilivyopata wasomaji kupitia cherehani

Makala yangu ya kwanza kuhusu cherehani niliipa kichwa "Jinsi ya kuchagua cherehani bora", na kwa miezi saba haikuniletea msomaji hata mmoja kutoka Google. Sikupaswa kushangaa, kwa kuwa swali hilo hugombewa na maduka ya mtandaoni yenye maelfu ya kurasa, na tangu Larry Page na Sergey Brin walipoieleza PageRank, njia ya Google ya kuzipa kurasa uzito, mwaka 1998, kiungo kinachotoka tovuti nyingine kimehesabiwa kama kura. Mimi nilikuwa na kura moja tu, ya shemeji yangu.

Mambo yalibadilika baada ya fundi mmoja kunipigia simu akilalamika kwamba uzi unajikusanya chini ya kitambaa. Niliyachukua maneno yake kama yalivyo, nikayafanya kichwa cha makala, kisha nikaeleza kwamba wengi hukimbilia skrubu ya kasha la bobini, yaani kigurudumu cha uzi wa chini, ilhali mara nyingi kosa liko juu: uzi ulipitishwa mguu wa cherehani unaokandamiza kitambaa ukiwa umeshushwa, visahani vya tensheni vinavyoukaza uzi vikiwa vimebana, hivyo haukuingia katikati yake. Inua mguu, pitisha uzi upya, jaribu kwenye kitambaa chakavu. Niliambatanisha picha tatu nilizopiga mezani kwangu, na makala hiyo ndiyo inayosomwa zaidi hadi leo.

Kwa hiyo, ukiniuliza kama blogu ndogo inaweza kushindana na tovuti kubwa, nitakujibu kwamba inaweza, ila katika maswali ambayo wakubwa hawaoni faida ya kuyajibu, hasa yanapoulizwa kwa Kiswahili. Fungua Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti, kila wiki uyasome maneno ambayo watu wameandika hadi ukurasa wako ukaonekana. Hakuna anayeandika "matengenezo ya cherehani". Wanaandika "cherehani inaruka mishono", na anayejua kwamba sindano butu au iliyochomekwa kinyume huleta tatizo hilo ana la kusema kuliko mhariri asiyewahi kushona.

Desemba 2022 Google iliongeza uzoefu wa mwandishi kwenye mwongozo wa watu wanaoipimia ubora wa matokeo. Nililipokea jambo hilo kwa furaha, pengine kupita kiasi, kwa sababu wapimaji hao hawapandishi wala kushusha ukurasa wa mtu, na sasisho la Septemba 2023 la mfumo wa utafutaji wa Google liliziangusha blogu nyingi ndogo, zikiwemo zilizoandikwa na watu wanaoijua kazi yao.

Ndiyo maana sikushauri utegemee utafutaji peke yake. Mwishoni mwa kila makala ninaweka kiungo cha kundi la WhatsApp la mafundi, na siku hizi maswali ninayoyaandikia hutoka huko kwanza, mengi yakija na picha ya mshono uliokataa na sauti ya mashine ikinguruma.