Hilo paa langu umelitia wapi?

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Unasema: "Mama, wewe uliwaandikia barua mtaa mzima. Mimi nataka kuandika, lakini nikianza tu maneno yanakuja kama tangazo la ofisi. Anayeanza aanzie wapi?" Tumetenganishwa na kivuko tu, ningekupigia simu, lakini swali la kuandika naona lijibiwe kwa kuandika. Tena miwani mpya nimeshaipata, acha niifanyie kazi.

Nilipomaliza kidato cha nne, miaka ya 1980, hapa Majengo wanaume kadhaa walikuwa wameenda Uarabuni kutafuta. Wake zao wakija barazani kwetu baada ya alasiri, kila mmoja na ile karatasi ya buluu ya barua ya ndege, ile inayokunjwa ikawa bahasha yenyewe. Mmoja, jirani wa nyumba ya pili, akaniambia: "Mwambie paa linavuja." Mimi na cheti changu kipya nikaandika: "Kutokana na hali mbaya ya hewa, familia inakabiliwa na matatizo makubwa ya makaazi." Nikamsomea kwa madaha. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Hilo paa langu umelitia wapi?"

Niliona haya, lakini nikamwomba anihadithie upya. Akasema mvua imeingia chumba cha watoto, ametega sufuria mbili, ile ndogo hujaa kabla ya alfajiri. Kitanda wamekisogeza hata kimeziba mlango, ukitaka kutoka lazima ukipande. Nikaandika hivyo hivyo. Jibu lilipokuja kutoka Jeddah, baada ya salamu neno la kwanza lilikuwa: "Bati moja sasa ni bei gani?" Anayeuliza bei ya bati ameshaliona paa.

Sasa tuje kwako. Ile insha uliyonitumia inaanza: "Feri ya Likoni ni chombo muhimu cha usafiri ambacho huweza kuwahudumia wakazi wengi wa Mombasa kila siku." Mwanangu, hiyo hata mtu wa Kisumu asiyewahi kuiona bahari angeiandika. Na wewe unavuka kila asubuhi! Wiki iliyopita ulinipigia ukicheka, ukanieleza mkokoteni wa machungwa uliomshinda mwenyewe pale kwenye mteremko, machungwa yakabingirika katikati ya miguu ya watu hadi majini, na watu waliokuwa wakikimbilia kazini wakasimama. Ulinieleza vizuri mpaka nikasahau maharagwe jikoni. Kwa nini ulipokaa kuandika uliyaacha machungwa ukachukua "chombo muhimu"? Kwa sababu kwenye simu ulikuwa ukizungumza na mimi, na kwenye insha ulikuwa ukizungumza na mwalimu asiyekuwepo. Kabla hujaandika, jiambie haya yanamwendea nani. Akiwa mmoja, unayemjua sura, maneno yatakuja ya mdomoni mwako.

Jambo jingine nililifunzwa na umaskini. Ile karatasi ya buluu ilikuwa moja, huruhusiwi kutia nyingine ndani, na ukiharibu ununue tena posta pale Digo Road. Kwa hivyo kila barua niliiandika kwanza kwenye daftari, nikafuta, nikapunguza, ndipo nikainakili. Nilidhani nabana pesa, kumbe nilikuwa najifunza kazi. Siku hizi simu haina mwisho wa karatasi, mtu anaandika na kutuma papo hapo. Wewe iache ilale usiku mmoja. Asubuhi utaona mambo ambayo jana uliyapenda, leo yanakuudhi.

Na cha kufuta mara nyingi kiko mwanzoni. Unakumbuka barua za zamani? "Madhumuni ya barua hii ni kutaka kujua hali yako, ukitaka kujua hali yangu mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu." Robo ya karatasi imekwisha na hujaambiwa kitu. Kwa barua ilikuwa adabu, siilaumu, hata hii yangu nimeianza kwa salamu. Lakini kwenye hadithi au makala ile aya ya kwanza ni mwandishi anapasha moto tu. Ikate uone kama kuna atakayeiulizia.

Kisha isome kwa sauti. Si kimoyomoyo, kwa sauti, nduguzo wakicheka wacha wacheke. Pumzi ikikukatikia, sentensi ni ndefu. Ulimi ukikwama, rudi hapo. Muyaka bin Haji, yule malenga wetu wa hapa Mvita, alifariki karibu 1840, na diwani yake ilichapwa 1940. Miaka mia hiyo mashairi yake yaliponea karatasi chache na vifua vya watu. Mimi naamini yalidumu kwa sababu yanakaa vizuri mdomoni. Jaribu kukariri ile sentensi yako ya "chombo muhimu" uone.

Umeuliza pia juu ya Kiswahili chenyewe, kwamba wenzako kazini wanakucheka ukisema mato na ndia, Kimvita chetu cha Mombasa. Wajibu kwamba mkutano uliochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika papa hapa Mombasa, 1928, na Kimvita kikaachwa kwao. Ukiandika taarifa ya ofisi, andika macho na njia, ndivyo tulivyokubaliana. Nyanya yako akizungumza ndani ya hadithi, mwache aseme mato yake.

Makosa yako hasa hayako hapo. Una "kuweza" nyingi mno: "tuliweza kufika", "aliweza kusema". Tulifika, alisema, basi. Na "ambaye" umeigeuza chumvi, mtu ambaye alikuja si mbaya, lakini aliyekuja ana mwendo. Ukiwa na nafasi, chukua aya moja unayoipenda, hata ya gazeti, uinakili kwa mkono. Mkono huona vitu ambavyo jicho huvipita. Mengine ya kanuni utayapata kwenye kamusi, siyajui kukushinda.

Basi andika ile ya machungwa, ukurasa mmoja usizidi, uje nayo Ijumaa. Nitakusomea mimi kwa sauti, wewe usikilize tu, usinieleze ulimaanisha nini. Nitapika mahamri na mbaazi. Na uniandikie kilichotokea mwisho, maana siku ile simu ilikatika nikabaki nawaza: yale yaliyobaki kwenye mteremko aliyaokota nani?

Wako mamako,
Majengo