Farasi kijana kubadilika rangi baada ya kunyolewa: mwangalie machoni kwanza

Mkuu nimesoma ulichoandika, farasi wako wa mwaka mmoja na nusu alikuwa hudhurungi safi, singa nyeusi na miguu nyeusi, umemnyoa mwili mzima kabla ya baridi kuisha na sasa ametoka rangi ya panya, halafu jamaa zako wanakwambia huyo anageuka kijivu na atamalizia kuwa mweupe pe. Unauliza rangi yake itarudi au ndo basi tena. Tulia kwanza, hapo kuna mambo mawili ambayo watu wanayakoroga pamoja, kunyoa ni jambo moja na umri ni jambo lingine kabisa.

Tuanze na mashine. Nyoya la farasi halina rangi moja kuanzia ncha mpaka shina, na hili ndo wengi hawalijui kwa sababu hakuna anayekaa kutazama nyoya moja moja. Nenda bandani mchana kukiwa na mwanga wa kutosha, tafuta sehemu ambayo mashine haikupita, wengi huwa tunaacha pale panapokaa tandiko, chomoa manyoya machache uyalaze kwenye karatasi nyeupe. Utaona nchani kuna wekundu wa shaba, ukishuka kidogo panapauka, ukifika chini kabisa ni majivu matupu. Sasa mashine imeondoka na shaba imekuachia majivu, hakuna muujiza wowote hapo.

Kila rangi ina namna yake ya kukushangaza ikinyolewa. Nimewahi kukaa na jike mwekundu, tukimnyoa anatoka kama chungwa lililopauka kiasi kwamba mgeni akija anadhani tumeleta farasi mwingine, manyoya ya kiangazi yakitoka anarudi mwekundu wake kama kawaida. Mweusi naye anatoka kijivu cha moshi hivi, tena hakimpendezi. Hao wa hudhurungi ndo wanaochekesha zaidi maana kichwa na miguu ukiviacha vinabaki na rangi ya zamani halafu mwili ni rangi nyingine, anaonekana kama kaazima kiwiliwili.

Ila usitegemee baada ya wiki mbili atakuwa amerudi. Manyoya ya farasi yanafuata urefu wa mchana, siku zikianza kurefuka mwili wake unapata taarifa kupitia homoni na anaanza kupukutisha ya zamani na kuotesha mapya, na rangi kamili utaiona kwenye hayo mapya. Kabla ya hapo unaweza kuona mabaka, mstari pale mashine iliposimama, sehemu moja imewahi nyingine imechelewa, yote hayo yanaisha yenyewe. Kunyoa hakugusi shina lililo ndani ya ngozi ambako rangi inatengenezwa. Labda kama mashine ilipata moto sana ikaunguza ngozi, au ikakata kidonda kirefu, hapo panaweza kuota manyoya meupe moja kwa moja sawa na yale madoa meupe ya tandiko baya mgongoni.

Haya, tuje kwenye umri, maana hapa jamaa zako wanaweza kuwa sahihi hata kama sababu waliyotoa siyo.

Mtoto wa farasi karibu kila mara anazaliwa na rangi ya kudanganya. Wa hudhurungi anazaliwa miguu imepauka, ule weusi wa miguuni unakuja baadaye akipukutisha manyoya ya utotoni, kwa kawaida kwenye miezi mitatu minne hivi, na anaanzia kuzunguka macho na mdomo. Mweusi wengi wanazaliwa rangi ya moshi, sio weusi tii. Kwa hiyo mtu akimwangalia mtoto wa wiki moja akakwambia huyu atakuwa rangi hii bila shaka, we itikia tu uendelee na shughuli zako.

Wa kijivu ndo kinyume. Mwenye jeni ya kijivu anaweza kuzaliwa rangi yoyote ile na mara nyingi anazaliwa amekolea kuliko wenzake, hudhurungi mwenye miguu nyeusi tayari siku ya kwanza, na ukiona hivyo hapo ndo unatakiwa ushtuke. Hiyo jeni wanasayansi waliipata mwaka 2008, ni kipande cha DNA kilichojirudia ndani ya jeni inayoitwa STX17, na kazi yake ni kumfanya apoteze rangi ya manyoya mwaka hadi mwaka huku ngozi ikibaki nyeusi. Wengi wanafika umri wa miaka sita mpaka nane wameshakuwa weupe. Akirithi kwa baba na mama wote wawili anawahi zaidi. Na haiwezi kuruka kizazi, lazima mzazi mmoja awe wa kijivu, hata kama leo anaonekana mweupe kama maziwa. Wale farasi weupe wa aina ya Lipizzaner wanaocheza kwenye maonyesho kule Vienna, Austria, wengi wao wanazaliwa weusi au wa hudhurungi.

Kwa hiyo huyo wako usimtazame ubavuni, ubavu umeshanyolewa hauna ushahidi. Mtazame usoni. Simama naye jua likiwa pembeni, angalia kope na manyoya mafupi yanayozunguka jicho. Anayegeuka kijivu anakuwa na vinyweleo vyeupe vimejipanga pale kama amevaa miwani, halafu vinasambaa kwenye paji na mashavu. Kwa umri wa huyo wako kama ni wa kijivu vitakuwa vimeshaanza. Kama uso umekolea vizuri na hakuna hata kimoja, mimi ningesema ni mashine tu.

Kuna na roani, yule mwenye manyoya meupe yaliyochanganyika mwilini, watu wanamwita kijivu kila siku na siyo. Huyo kichwa na miguu vinabaki vimekolea na haendi kuwa mweupe, ila akinyolewa anabadilika kweli kweli, na penye kovu panaota manyoya ya rangi yake iliyokolea badala ya meupe.

Ukitaka uhakika zaidi pima DNA, lakini chomoa singa au nywele za mkia pamoja na mizizi yake, usitume yale uliyofagia baada ya kunyoa maana DNA inayopimwa iko kwenye mzizi na mashine imekata juu tu, mzizi umebaki kwenye ngozi. Na akitoka wa kijivu kweli, jizoeze kumkagua chini ya mkia kila mara, hao wakipita miaka 15 wengi wanaota uvimbe wa melanoma, yaani saratani ya ngozi, daktari wa mifugo auone mapema.

Rangi iliyoandikwa kwenye cheti chake cha usajili usiiguse kwa sasa, subiri apukutishe. Wewe piga picha ya jicho kwa karibu bila flashi uitupie hapa, na useme baba na mama walikuwa rangi gani.